BANGI NA MIMBA: MANENO NILIYOWAAMBIA AKINA MAMA WA KATWE



Maneno haya niliyasema kwanza Katwe, mjini Kampala, mbele ya akina mama na dada wakimbizi kama arobaini, wengine wamekaa juu ya mikeka, wengine juu ya ndoo zilizogeuzwa. Nimeyaandika tena kwa ajili yenu hapa Nakivale kwa sababu Katwe na kambi yetu haviko mbali sana. Dada anatoka Juru au Rubondo, anapanda basi Mbarara, anafika Kampala kutafuta maisha. Baada ya mwaka anarudi hapa na mimba ya miezi sita, na mazoea ya mjini anarudi nayo. Kwa hiyo someni kama vile mlikuwapo. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, lakini jirani asiongeze maneno yake.

Nilianza hivi.

Mama zangu, dada zangu, na ninyi baba watatu mliosimama mlangoni, ingieni, jambo hili ni lenu pia. Leo tunaongea juu ya bangi na mimba. Waganda wanaiita njaga au njaye. Wenzetu waliopita Kinshasa wanasema diamba. Ni mmea mmoja. Naona wengine mmeshaanza kutazama chini. Msiogope. Sikuja na polisi, wala sikuja kumtafuta mtu. Nataka kwanza niwaambie kosa langu mwenyewe, halafu tutaongea juu ya ya wengine.

Miaka niliyokaa Katwe nilikuwa na jirani, mlango kwa mlango. Mnajua hiyo mizigo yetu, chumba kimoja, pazia katikati, sigiri nje. Alikuwa dada mkubwa kwangu, alitoka Kivu kama mimi, na alikuwa anazungusha vitenge mitaani tangu asubuhi mpaka jioni. Akapata mimba. Mwezi wa pili akaanza kutapika, si asubuhi tu, mchana kutwa. Harufu ya moshi wa wale mafundi wanaoyeyusha vyuma kutengeneza masufuria ilikuwa inamwangusha kabisa. Na usiku alikuwa halali. Aliyoyaona njiani kabla ya kuvuka Bunagana yalikuwa yanamrudia kila akifumba macho.

Vijana wa pale karibu na karakana wakamwambia: vuta kidogo, tumbo litatulia, utalala. Akavuta. Na kweli, siku zile za kwanza tumbo lilitulia, akalala. Sitawadanganya kwamba hakuona nafuu. Ndiyo maana alivuta tena.

Siku moja akaniambia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka tu kwenye mafunzo ya wahudumu wa jamii, nina fulana mpya ya shirika na daftari. Nikamgombeza. Nilimwambia anaua mtoto, na kwamba nitampeleka kwa mwenyekiti wa LC. Nilidhani ninafanya kazi vizuri. Alinyamaza tu. Wiki ile ile alihama chumba, akaenda upande wa pili wa barabara, na hakukanyaga kliniki tena, kwa sababu alifikiri nimeshawaambia wauguzi. Hakupewa vidonge vya damu. Hakupewa dawa ya kuzuia malaria. Alipata malaria mbili ndani ya mimba ile na alizimaliza na panadoli za dukani. Mtoto alizaliwa mwezi wa nane haujaisha, gramu 1,600.

Mtoto wa kawaida hutarajiwa kuzaliwa na gramu 2,500 au zaidi, na mimba iwe imefika wiki 37 au kupita. Huyu alikuwa mtoto njiti, mikono yake kama vidole vyangu. Siwezi kusimama hapa na kusema ni bangi peke yake. Malaria pia inapunguza uzito wa mtoto, na njaa pia, na mizigo mizito ya vitenge. Lakini bangi ilikuwamo, na mdomo wangu uliomfukuza kliniki ulikuwamo. Mtoto yuko hai, tutarudi kwake.

Sasa bangi inafanya nini ndani ya mimba? Watu wengi wanafikiri moshi unaingia kwenye mapafu ya mama, unaishia pale. Hapana. Ndani ya bangi kuna kemikali ambayo waganga wa hospitali huiita kwa kifupi THC. Hiyo ndiyo inayolewesha. Inaingia kwenye damu ya mama, na damu inaipeleka mpaka kwenye kondo la nyuma, ile nyama inayotoka baada ya mtoto. Kondo linazuia vitu vingi, lakini hiyo halizuii. Inapita, inafika kwa mtoto. Na haiondoki upesi kama pombe. Inajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, siku nyingi, kwa anayevuta kila siku hata wiki kadhaa. Mama anayevuta Jumamosi tu, mtoto wake hapokei Jumamosi tu.

Na ubongo wa mtoto, tangu wiki za mwanzo, unajijenga kwa kutumia vitu vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, vinavyofanana na hiyo THC. Ni kama fundi anayejenga nyumba na kusikiliza sauti ya mkubwa wake. Sasa anakuja mtu mwingine mwenye sauti ile ile, anapiga kelele maagizo yake. Nyumba itasimama, lakini huenda madirisha yasikae pale yalipotakiwa.

Tena kuna moshi. Anayevuta bangi anavuta pia ile hewa chafu ya moto, ile ile ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu. Mtoto tumboni hapumui kwa pua, anapata hewa kwa damu ya mama yake. Wengi pia wanachanganya na tumbaku, na tumbaku peke yake inatosha kumpunguza mtoto uzito.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Huko Kanada, katika jimbo la Ontario, waliangalia wanawake zaidi ya 660,000 waliokuwa na mimba kati ya 2012 na 2017. Kisha wakawalinganisha waliotumia bangi na wasiotumia wenye maisha yanayofanana, wale wa sigara na wa sigara, wale wa umri mmoja na wa umri huo huo, ili mtu asije kusema tofauti ni umaskini tu. Kwa wasiotumia, watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa kama 7 katika kila 100. Kwa waliotumia walikuwa kama 10 katika kila 100. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2019.

Mama mmoja wa Bukavu alinyosha mkono hapo akasema, "Binti, kumi katika mia, basi tisini wanazaliwa salama." Ndiyo, mama, na ninafurahi umesema, maana mtu asiogope kupita kiasi. Watoto wengi wanazaliwa wakati wao. Lakini wale watatu wa kuongezeka, kwa Kanada wanawekwa kwenye mashine ya joto siku hiyo hiyo. Kwetu Katwe kwanza unatafuta boda usiku, halafu pesa, halafu nafasi hospitalini. Hesabu ile ile, hapa inauma zaidi.

Uzito mdogo ndilo jambo lililothibitishwa kuliko yote. Juu ya baadaye, akili ya mtoto shuleni, kuna watafiti wa Ottawa walioanza mwaka 1978 kufuatilia watoto wa mama waliovuta wakati wa mimba, wakawafuata mpaka ukubwani. Watoto hawakuwa wajinga, na akili yao kwa jumla haikupungua. Shida waliyoiona ni ya kukaa na jambo moja mpaka liishe, kupanga mambo, kutulia. Mama mwenye mtoto darasani kati ya wanafunzi mia na ishirini anajua maana yake.

Kijana mmoja mlangoni akaniuliza: "Mbona Jamaika wanavuta wote na watoto wao wanakimbia mbio kuliko dunia nzima?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu swali lake lina msingi. Mtafiti mmoja wa Marekani, Melanie Dreher, alichapisha mwaka 1994 utafiti wake wa Jamaika vijijini. Watoto wa mama waliotumia bangi hawakuonekana wabaya kuliko wengine walipopimwa siku ya tatu na mwezi wa kwanza. Lakini walikuwa watoto 24 upande mmoja na 20 upande mwingine. Hao hata hawajazi basi la Mbarara. Na Kanada ni wanawake laki sita na zaidi. Wewe kijana, kama unapima sukari, unaamini mzani gani?

Wengine wanasema ni majani tu, Mungu ameyaotesha, hata kuku wakiugua wanapewa njaga, na mbona Waganda wana emmumbwa yao ya udongo na dawa za miti wakati wa mimba. Jani ni jani, sikatai. Hata mhogo mchungu ni wa Mungu, na kila mama wa Kivu anajua sombe isiyopikwa vizuri inafanya nini. Na hiyo emmumbwa pia, kama unaitumia, mwonyeshe mkunga. Kuku sina la kusema juu yake, kuku hanyonyeshi.

Tuongee sasa juu ya kutapika, kwa sababu wengi wanaanzia hapo. Kutapika kwa mimba mara nyingi kunapungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Kula kidogo kidogo, usiache tumbo tupu. Kabla ya kuinuka kitandani tafuna kitu kikavu, kipande cha mkate au muhogo wa kuchoma uliobaki. Tangawizi kwenye chai inasaidia, na ni ya bei ndogo. Kama chakula na maji yote yanarudi, mkojo umekuwa mchache na mweusi, unasikia kizunguzungu ukisimama, hiyo si ya kuvumilia nyumbani. Nenda kituo cha afya siku hiyo. Ziko dawa za kutapika ambazo mwenye mimba anaweza kupewa.

Tena kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Bangi yenyewe, kwa mtu anayeitumia mara nyingi kwa muda mrefu, inaweza kuleta kutapika. Madaktari wa Australia waliandika habari hiyo mwaka 2004. Mgonjwa anatapika bila kukoma, tumbo linakata, na anapata nafuu akijimwagia maji ya moto tu. Anafikiri bangi inamtibu, anaongeza. Hiyo haiponi mpaka aache. Kwa hiyo dada, kama una mimba, unatapika, na unajikuta unachemsha maji ya kuoga mara tatu nne kwa siku, mwambie mkunga jambo hilo pamoja na lile la bangi.

Juu ya usingizi siwezi kusema maneno mengi. Kila mmoja hapa amebeba mzigo wake kutoka njiani. Mimi pia. Bangi inafunika usiku, lakini ukiiacha ndoto zinarudi, na kwa siku chache zinarudi kwa nguvu, ndiyo maana watu wanashindwa kuacha. Mtu anayeona vita kila usiku anahitaji wa kuongea naye. Mashirika yana washauri, na hospitali ya Butabika, nje kidogo ya mji, ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili na ina sehemu ya watu wa pombe na madawa. Najua jina la Butabika linaogopesha, watu wanasema ni ya wendawazimu. Nimewahi kwenda pale kumsindikiza mtu. Ni hospitali, watu wanakaa kwenye benchi wanasubiri kama hospitali nyingine.

Sasa ninyi akina baba. Chumba cha muzigo hakina madirisha mawili. Baba akivuta ndani, mama anavuta, na mtoto tumboni anavuta. Usimwambie mke wako aache huku umekaa mlangoni na msokoto. Vuta mbali, au afadhali mwache pamoja. Na baba ambaye anamfanya mke mwenye mimba auze hiyo bidhaa, huyo ajue sheria ya Uganda inaikataza, na akikamatwa mke, mtoto atazaliwa wapi?

Kuacha kunakuwaje? Siku ya kwanza mpaka ya tatu unakuwa na hasira, usingizi haukai, chakula hakipiti, jasho. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Baada ya wiki mbili wengi wanaona wepesi. Kuacha bangi ghafla hakumdhuru mtoto. Lakini sikilizeni, waragi ni tofauti. Mama anayekunywa waragi nyingi kila siku asiache kwa siku moja peke yake chumbani, anaweza kushikwa na kifafa. Huyo aende kwanza kwa mganga wa kituo, asaidiwe kuacha. Na kama kuacha bangi siku moja kumekushinda, punguza, halafu punguza tena. Kila siku isiyo na moshi mtoto anaipata.

Mkunga umwambie ukweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba kila mwanamke mwenye mimba aulizwe juu ya pombe, tumbaku na vitu vingine, tangu mapema na katika kila ziara ya kliniki. Kila mwanamke, si mkimbizi tu, si wa Katwe tu. Kwa hiyo akikuuliza usifikiri amesikia umbea. Kazi ya mkunga ni kutibu. Akijua, atapima uzito wa mtoto kwa makini zaidi, atakuangalia damu, na atajua kwamba kujifungua kwako kusipangwe nyumbani kwa jirani. Pale Katwe, kituo cha Kisenyi Health Centre IV hakiko mbali, unavuka mtaro wa Nakivubo. Huduma za kliniki ya wajawazito katika vituo vya serikali hazilipiwi, na mkimbizi ana haki ya kutibiwa pale kama mwananchi.

Na ukikutana na muuguzi mkali? Wapo. Njoo na mhudumu wa jamii, au mmoja wa wale tunaowaita VHT, tukae nawe kwenye benchi. Ukali wa mtu mmoja usikunyime kliniki. Ninasema hivyo kwa sababu ukali ule niliufanya mimi.

Mama mmoja akauliza juu ya kunyonyesha. THC inaingia kwenye maziwa pia, inakaa humo siku nyingi. Kwa hiyo unayenyonyesha acha bangi. Lakini asitokee mtu akasoma hapa akamwachisha mtoto ziwa. Maziwa ya kopo, kwa maji tunayoyajua na chupa isiyochemshwa, yanaua watoto kwa kuharisha. Acha bangi, endelea kunyonyesha, na ongea na muuguzi. Na mama au baba aliyelewa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, anaweza kumlalia bila kujua.

Karibu na mwisho dada mmoja mdogo, labda miaka 18, alisubiri wengine waanze kukunja mikeka. Akaja karibu akasema polepole: nimevuta mpaka mwezi wa tano, mtoto ameshaharibika? Nikamwambia hapana. Miezi iliyobaki ndiyo mtoto anaongeza uzito kwa wingi, na ukiacha leo miezi hiyo yote anaipata safi. Akauliza kama kliniki itamfukuza kwa kuchelewa. Nikamwambia Jumatatu twende wote.

Jirani yangu wa zamani alikuwa amekaa nyuma kabisa, mimi sikumwona mpaka wakati huo. Tulikuwa tumeshapatana. Nilikwenda kumwomba msamaha mtoto alipokuwa bado amefungwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama wauguzi walivyomfundisha, na mimi nilimpokea saa za mchana ili aoge na ale. Ndivyo mtoto yule alivyopata kilo zake. Ni yeye aliyeniruhusu kuyasema haya bila jina lake. Alimshika yule dada mdogo mkono, akamwuliza anakaa upande gani. Jumatatu tulikwenda watatu.

Ninyi wa hapa kambini, niko Base Camp kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, chini ya mti mbele ya ofisi ya wahudumu wa jamii. Fulana ya shirika imeshachakaa, mtanijua kwa daftari. Mwenye mimba aje na kadi yake ya kliniki. Asiye na kadi aje vilevile.